Je, naweza kubadilisha mwenyewe filta ya AC ya gari langu?

*Swali: Naendesha Toyota Premio ya mwaka 2008 hapa Dodoma, na kazi yangu hunipeleka mara kwa mara katika vijiji vya Bahi na Chamwino kwenye barabara za vumbi. Siku hizi AC inapuliza kwa unyonge hata nikiweka feni kwenye mwendo wa mwisho, na asubuhi ninapoiwasha inatoa uvundo. Fundi mmoja ameniambia kuwa filta ya ndani imeziba, kwamba ndiyo inayofanya gari linywe mafuta, na kwamba nikimpa shilingi 90,000 atabadilisha filta na kuongeza gesi. Mwenzangu kazini anasema filta hiyo hubadilishwa nyumbani kwa dakika chache, tena haina haja ya kununuliwa kwani huoshwa tu. Mimi si fundi, naogopa kugusa dashibodi kwa sababu ya mfuko wa hewa wa usalama, na mwanangu wa miaka sita ana pumu. Nifanye nini?*

Ndugu yangu, kazi hii unaiweza. Kubadilisha filta ya hewa ya ndani katika Premio ya umri huo kwa kawaida hakuhitaji spana wala ujuzi wa umeme, na mtu ambaye hajawahi hata kufungua boneti anaweza kuimaliza bila papara ndani ya nusu saa. Hata hivyo, maelezo uliyopewa na watu hao wawili yana ukweli uliochanganyika na makosa, na nadhani fedha zako zitapotea zaidi katika mchanganyiko huo kuliko katika bei ya filta yenyewe. Kwa hiyo niruhusu niyatenganishe kwanza, kisha tuje kwenye dashibodi.

Tuanze na suala la mafuta. Gari lako lina filta mbili za hewa zisizohusiana kabisa. Ya kwanza imo chini ya boneti, ndani ya boksi jeusi la plastiki, nayo huchuja hewa inayokwenda kuungua pamoja na petroli. Hiyo ikiziba sana, injini hukosa pumzi na nguvu hupungua. Ya pili, ambayo mafundi wetu huiita filta ya AC, iko nyuma ya kidroo cha dashibodi mbele ya abiria, na hewa inayopita humo inakwenda puani kwenu, haifiki kwenye injini hata kidogo. Filta hiyo hata ikiwa nyeusi kama mkaa, gari halitakunywa mafuta zaidi kwa sababu yake. Kinachokula petroli unapowasha AC ni kompresa, yaani pampu ya gesi ya AC, ambayo huzungushwa na injini. Ukienda dukani utaona kuwa hata Toyota wenyewe wamezitenganisha katika namba za spea: filta ya injini huanza na 17801, na hii ya ndani huanza na 87139. Zikariri tarakimu hizo tano tano, kwa maana muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa moja badala ya nyingine.

Sasa, hewa inasafirije? Feni iliyo nyuma ya dashibodi huvuta hewa ya nje kupitia grili iliyo chini ya kioo cha mbele, pale wipa zinapolala. Katika njia hiyo kuna kilango cha plastiki kinachotii kile kitufe chenye picha ya gari na mshale uliojipinda ndani yake: ukikibonyeza, hewa ya nje hufungiwa na feni huanza kuzungusha hewa ileile iliyomo ndani ya gari. Katika Toyota nyingi filta hukaa baada ya kilango hicho na juu ya feni, kwa hiyo huchuja hewa ya nje na vilevile hewa inayozunguka ndani. Ninalisema hili kwa sababu madereva wengi wa barabara za vumbi huamini kwamba wakifunga hewa ya nje filta haifanyi kazi, na hivyo haichakai. Inafanya kazi, na inachakaa, ila polepole zaidi. Baada ya feni, hewa hupenya katikati ya mapezi membamba ya evaporeta, kile kifaa kinachoipoza hewa, ambayo ubaridi wake hukaribia nyuzi sifuri. Unyevu ulio hewani hugeuka matone ya maji pale, kisha hutiririka na kutoka kwa kimpira chini ya gari. Yale maji unayoyaona yakidondoka ukiwa umeegesha mahali pa joto ndiyo hayo, wala si dalili ya ugonjwa.

Uvundo unaanzia hapo. Evaporeta ni mahali penye giza, pana unyevu muda mwingi, na vumbi laini likipenya filta hunasa kwenye mapezi yale yenye maji na kuwa chakula cha kuvu na bakteria. Asubuhi unapowasha feni, pumzi ya kwanza inayotoka ni ile iliyolala na tope hilo usiku kucha. Filta mpya itapunguza chakula kinachofika huko siku zijazo, lakini haiwezi kuua kilichokwisha kuota. Ndiyo maana watu wengine hubadilisha filta, wakaona hewa imerudi kwa nguvu, na bado wakalalamika kuwa wameuziwa filta mbovu kwa sababu harufu haikuisha. Marashi ya kupulizia kwenye matundu hayasaidii. Yanaongeza harufu ya pili juu ya ile ya kwanza. Kinachosaidia ni povu maalumu la kusafishia evaporeta, na tabia ya kuzima kitufe cha AC dakika chache kabla ya kufika, huku feni ikiendelea kupuliza ili mapezi yakauke.

Suala la gesi ndilo linalonitia shaka zaidi katika ushauri wa fundi wako. Gesi ya AC, ambayo katika magari ya umri wa gari lako ni R134a, huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa kabisa. Hailiki kwa matumizi kama mafuta ya taa kwenye jiko. Ikiwa imepungua, imevuja mahali fulani, na kuiongeza bila kutafuta tundu ni kulipia kitu kitakachotoroka tena. Zaidi ya hapo, gesi hupimwa kwa gramu, na kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Ikizidi, ubaridi hupungua badala ya kuongezeka, na kompresa huumia. Wewe umeniambia hewa ni chache. Hukusema kuwa si baridi. Hizo ni dalili za magonjwa mawili tofauti. Hewa ikitoka nyingi lakini vuguvugu, hapo mtu ana haki ya kuanza kufikiria gesi, kompresa au kondensa (kifaa kinachotoa joto la gesi ya AC) iliyojaa uchafu mbele ya rejeta. Hewa ikitoka baridi lakini kidogo, kuna kitu kimeziba njia au feni imechoka, na gesi haina la kufanya hapo.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa mtu yeyote, fanya uchunguzi mdogo. Washa gari, weka feni kwenye mwendo wa mwisho, kisha sikiliza. Ikiwa feni inavuma kwa nguvu lakini mkono ulio mbele ya tundu unahisi kijiupepo tu, njia imeziba. Ikiwa feni yenyewe inavuma kwa unyonge, inakwaruza au inalia, tatizo liko kwenye mota yake au kuna kitu kimeingia humo. Halafu zima gari, toa filta kama nitakavyoeleza hivi punde, rudisha kifuniko chake, na ujaribu tena kwa dakika moja bila filta. Hewa ikirudi kwa kishindo umepata jibu lako, tena bure. Isiporudi, filta mpya haitakuponya, na nitakuambia mwishoni cha kufanya. Usizoee tu kuendesha gari bila filta kwa kuona kuwa hewa ni nyingi: majani na vumbi vitakwenda moja kwa moja kwenye feni na evaporeta, na kuisafisha evaporeta iliyojaa tope mara nyingine hulazimu dashibodi nzima ishushwe.

Kuhusu mfuko wa hewa wa usalama, hofu yako ina msingi, ila haihusu mahali utakapogusa. Mfuko wa abiria umefichwa sehemu ya juu ya dashibodi, na kidroo kiko chini yake, kukifungua hakuugusi. Zima gari, toa ufunguo, na ukiona huko ndani nyaya zilizofunikwa kwa rangi ya manjano au soketi za manjano, ziache zilivyo, kwani rangi hiyo ndiyo inayotumika kutambulisha mfumo huo. Usichomoe kitu chochote. Ikiwa taa ya mfuko wa hewa ilikuwa tayari inawaka kwenye dashibodi kabla hujaanza, hilo ni suala jingine la kupelekwa kwa fundi wa umeme wa magari, tena mapema.

Fungua kidroo na ukitoe vitu vyote. Upande wake mmoja utaona kimkono chembamba cha plastiki kinachokifanya kishuke taratibu. Kichomoe kwenye kipini chake kwa kukisukuma pembeni, bila kukivuta kwa hasira. Kisha bana kuta mbili za kidroo kwa ndani, kuelekeana, hadi vizuizi vyake vipite kwenye kingo, nacho kitaning'inia chini; unaweza kukichomoa kabisa kwenye bawaba zake ili upate nafasi. Nyuma yake, upande ilipo feni, utaona kifuniko chembamba cha plastiki kilichoshikwa na vibano viwili, kimoja kila ncha. Vibonyeze, vuta kifuniko, na filta itajitokeza ikiwa imelala kama droo. Kabla hujaivuta, itazame mshale wake unaelekea wapi, au ipige picha kwa simu. Ivute polepole na ikiwa sawa bila kuiinamisha, kwa sababu uso wake wa juu utakuwa na majani, wadudu na mchanga, navyo vikidondokea ndani vitaishia kwenye feni na utavisikia vikigongagonga. Gari lisiwe karibu na mtoto wakati huo, na wewe vaa barakoa.

Nifafanue kidogo kuhusu mshale, kwa sababu unawachanganya hata mafundi. Filta nyingine huwa na mshale ulioandikwa UP, maana yake ni upande unaopaswa kuwa juu. Nyingine huwa na mshale ulioandikwa AIR FLOW, unaoonyesha hewa inakokwenda. Katika gari ambalo filta iko juu ya feni, kama Toyota hizi, hewa hushuka. Kwa hiyo mshale wa UP utaelekea juu, na ule wa AIR FLOW utaelekea chini. Mtu aliyezoea aina moja akinunua ya pili anaweza kuiweka kinyume kwa kujiamini kabisa. Ikiwekwa kinyume gari haliharibiki, lakini tabaka zilizopangwa kuanza na nyuzi pana na kuishia na nyembamba zitafanya kazi kinyumenyume, na filta itaziba mapema.

Huenda pia ukafungua kifuniko ukakuta pako wazi. Usishangae. Magari mengi yetu yalitumika Japani kabla ya kufika Bandari ya Dar es Salaam, na katika safari hiyo ndefu kuna aliyewahi kuitoa filta iliyoziba asirudishe nyingine. Aina chache ziliundwa na nafasi ya filta bila filta yenyewe, na kwa hizo hulazimu kununua pia fremu ya kuishikilia.

Mwenzako anayesema filta huoshwa tu, huenda anayo moja ya zile chache zinazouzwa kwa maelezo kwamba zinaoshwa, na hizo hutengenezwa tofauti. Filta ya kawaida si chujio la tui ambalo hunasa kila kilicho kikubwa kuliko matundu yake. Imefumwa kwa nyuzi za plastiki zilizovurugika, na sehemu kubwa ya vumbi laini hunaswa kwa kugonga nyuzi na kushikamana nazo. Nyingi zimetiwa pia chaji ya umeme tuli inayovuta chembe ndogo. Maji na sabuni huipunguza chaji hiyo, hulegeza mikunjo, na filta ikirudishwa ikiwa na unyevu huanza kuota kuvu pale pale. Upepo wa kompresa ya gereji nao hutoboa au kupanua nyuzi, ikaonekana safi huku ikipitisha zaidi kuliko awali. Nakubali kukung'uta taratibu, nje, ukitoka safari ya vumbi jingi, ili ufike mwisho wa mwezi upate mshahara. Nisingekubali zaidi ya hapo katika gari anamopanda mtoto mwenye pumu.

Unapokwenda kununua, nenda na filta ya zamani mkononi, ukalinganishe urefu, upana na hasa unene. Boksi lenye jina kubwa si ushahidi wa kitu, maana maboksi huchapwa kirahisi. Itazame fremu: je, ni imara, na filta inakaa bila kuacha mwanya pembeni? Hewa hufuata njia rahisi, na mwanya wa milimita chache pembeni unaweza kupitisha vumbi ambalo filta nzuri ilikuwa ilizuie. Mikunjo iwe mingi na iliyolingana. Filta isiyo na jina lakini inayokaza vizuri naipendelea kuliko yenye jina inayocheza.

Utaulizwa pia kama unataka nyeupe au ile ya kijivu yenye tabaka la mkaa maalumu. Nyeupe huzuia vumbi na chavua. Ya mkaa huzuia hayo, na juu yake hupunguza harufu na baadhi ya gesi za moshi hadi mkaa wake ushibe. Kwa mtu anayekaa kwenye foleni nyuma ya malori kila siku ningemshauri ya mkaa. Kwako, ambaye adui wako ni vumbi la udongo, nyeupe nzuri inayobadilishwa kwa wakati ina maana zaidi kuliko ya mkaa inayoachwa miaka miwili. Ukichagua ya mkaa, kumbuka kuwa ni ya kijivu tangu ikiwa mpya, hivyo rangi haitakuambia imechoka au la. Na hakuna hata moja inayozuia monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu iliyomo kwenye moshi wa gari; usikae kamwe na mtoto ndani ya gari linalounguruma kwenye banda lililofungwa.

Kuhusu mwanao, filta nzuri itapunguza vumbi linalomfikia, na hilo si jambo dogo kwa mwenye pumu. Lakini haichukui nafasi ya dawa yake, na gari haliwezi kuwa chumba kisicho na vumbi. Kwenye vumbi zito mbele yenu funga madirisha na hewa ya nje. Barabara ikisafika, fungua hewa ya nje tena, kwa kuwa hewa inayozungushwa muda mrefu hujaa kaboni dioksidi ya pumzi zenu na dereva huanza kusinzia. Mtoto akianza kukohoa au kubanwa kifua kila apandapo gari hata baada ya filta kubadilishwa, mpeleke kwa daktari wake na umweleze jambo hilo mahususi, huku gari likisafishwa evaporeta.

Watengenezaji wengi hutaja kipindi cha kati ya kilomita 15,000 na 30,000, au mwaka mmoja. Barabara zako hazikuwa akilini mwao. Ikague kila unapobadilisha oili ya injini, na andika kwa kalamu ya wino mzito tarehe na kilomita kwenye fremu yake. Ukiegesha chini ya mwarobaini, kama tunavyopenda wote wa Dodoma, ondoa majani kwenye grili ya wipa kila wiki. Na ikiwa panya wapo nyumbani, egesha gari ukiwa umefunga hewa ya nje, kwani filta ni mahali wanapopenda kujenga. Ukikuta kiota, vaa glavu na ulowanishe kinyesi chao kwa maji yenye dawa kabla ya kukiondoa. Usikifagie kikiwa kikavu.

Niwe mkweli pia kuhusu akiba. Utakachookoa ni ujira wa kufungua kidroo, si bei ya filta, na fundi anayedai ujira wa kiasi kwa kazi hiyo hakuibii. Tatizo la zile shilingi 90,000 ni kwamba zimefungwa pamoja na gesi ambayo hakuna aliyeipima. Mwombe akutenganishie gharama.

Kuna hali ambazo zinahitaji fundi wa AC mwenye geji ya kupimia presha ya gesi, na si kidroo tena. Hewa ikibaki kidogo hata bila filta, evaporeta au feni imejaa uchafu. Ikianza vizuri kisha ikafifia baada ya safari ndefu, na ikarudi ukizima AC kwa muda, huenda evaporeta inaganda barafu. Feni ikifanya kazi kwenye mwendo wa mwisho tu, kwa kawaida ni rezista yake iliyoungua, kile kipande cha umeme kinachopunguza mwendo wa feni. Hupozwa na hewa ya feni hiyohiyo, na filta iliyoziba muda mrefu huichosha. Zulia la miguuni kwa abiria likilowa, kimpira cha maji kimeziba. Na hewa ikiwa tele lakini haina ubaridi, hapo ndipo gesi ipimwe. Akikuambia imepungua, muulize imevujia wapi kabla hajaunganisha mtungi.